Masikio kwanza, simu baadaye: mwongozo kamili wa kufundishia kwa sauti za mtaani

Wadau mnaofundisha vyuoni, hasa nyie wa vyuo vya ualimu na vya maendeleo ya jamii ambako darasa lina watu mia na projekta ni moja na yenyewe inapangiwa zamu, hii ni yenu. Viongozi wa vikundi vya mtaani msikimbie, nusu ya kazi inafanyikia huko kwenu. Nataka tuongelee namna ya kutumia sauti za kila siku, zile tulizozizoea mpaka hatuzisikii tena, kama vifaa vya kufundishia. Hazilipiwi, na umeme ukikatika ndo kwanza zinaongezeka maana majenereta ya mtaa mzima yanawashwa.

Sijaitunga mimi hii kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, akifundisha Chuo Kikuu cha Simon Fraser karibu na Vancouver. Kelele za jiji zilimkera sana, ila badala ya kuishia kulalamika akaanza kuwafundisha wanafunzi kusikiliza, mwenyewe akiita kusafisha masikio. Yeye na wenzake wakaunda kikundi cha utafiti, wakarekodi sauti za Vancouver na kuzitoa mwaka 1973, na 1975 wakaenda Ulaya kurekodi vijiji vitano. Siku ya Kusikiliza Duniani inaangukia 18 Julai kwa sababu ndo siku aliyozaliwa, mwaka 1933.

Mie nakubaliana nae karibu kila kitu isipokuwa kimoja. Schafer aliisikia mitaa ya jiji kama ugonjwa unaohitaji dawa. Kwetu huku sauti nyingi unazoziita kelele ni mtu anatafuta hela ya kula. Kwaiyo mazoezi yote hapa chini yanazunguka swali moja, hii sauti ni ya nani na anamtolea nani, na malalamiko yanasubiri kwanza.

Hatua ya 1: Anza wewe mwalimu, nyamaza

Huwezi kuwaambia watu wasikilize wakati wewe mwenyewe unaongea dakika mia na ishirini mfululizo. Miaka ya 1970 huko Marekani mtafiti Mary Budd Rowe alisikiliza rekodi nyingi za madarasani akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu, asipojibiwa anajijibu mwenyewe au anamrukia mwingine. Walimu walipojizoesha kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, waliojitokeza kujibu wakaongezeka, na walioshindwa kujibu kabisa wakapungua. Sekunde 3 tu, jamani.

Kwa darasa letu lililozoea kuitikia "ndiyooo" kwa pamoja hata kama hakuna alieelewa, fanya hivi. Uliza swali, usimtazame mtu yeyote usoni, hesabu moyoni moja mpaka tano taratibu. Mtu akimaliza kujibu usimdakie na "vizuri sana, mwingine", hesabu tena mpaka tatu, maana mara nyingi jibu lenyewe linakuja baada ya lile la kwanza, alikuwa anajipanga tu. Wiki ya kwanza utaona aibu na darasa litadhani umesahau somo. Vumilia.

Hatua ya 2: Dakika tano za karatasi

Kila mtu achukue karatasi, achore msalaba mdogo katikati, huo msalaba ni yeye. Simu zizimwe kabisa, sio kuwekwa mtetemo, maana simu ikitetemeka juu ya dawati la mbao darasa zima linacheka na zoezi limekufa. Dakika ya kwanza macho yafumbwe. Dakika nne zinazofuata kila sauti anayoisikia aiweke kwenye karatasi upande inakotokea, ya karibu iwe karibu na msalaba na ya mbali ukingoni. Hakuna kuongea wala kuuliza jirani.

Muda ukiisha wakae wawili wawili walinganishe. Hapo ndo raha inapoanza, maana aliekaa dirishani ana mpasua kuni, kuku na redio ya mama lishe, aliekaa katikati ana feni na kikohozi cha mwenzake, na yule wa nyuma kabisa anagundua kwamba siku zote sauti ya mwalimu inamfikia nusu nusu. Hiyo ya mwisho ni taarifa kwako pia, ichukue.

Kisha kila sauti iulizwe maswali matatu. Nani anaitoa? Anamtolea nani? Na ingekoma leo, nani angegundua wa kwanza? Swali la tatu ndo lenye utajiri. Mashine ya kusaga ikinyamaza saa nne asubuhi mama mwenye debe la mahindi kichwani anajua akiwa bado mbali kwamba leo ugali una shida, wakati mwanafunzi wa bweni hajui hata kama ilikuwa inalia. Ukitaka kufundisha mada ya mahitaji ya jamii kwa darasa la maendeleo ya jamii, anzia hapo, utaokoa slaidi ishirini.

Chuo chenu kama kina bati lisilo na dari basi mnaijua mvua, ikianza tu lekcha imeisha, unapiga kelele mpaka koo linakauka na hakuna anaesikia. Usishindane nayo. Waambie waandike inavyokuja: matone ya kwanza mazito yanayohesabika, halafu yanajaa mpaka hayahesabiki, halafu ule mvumo mmoja unaofunika kila kitu, baadae maji yanaanza kukimbia kwenye mfereji na kumwagika kwenye simtanki tupu kwa sauti nzito inayozidi kupanda kadri tanki linavyojaa. Mwalimu wa fizikia ana somo hapo la hewa iliyobaki ndani ya tanki kufupika na mlio kupanda. Mwalimu wa Kiswahili nae ana lake. Mvua ikipungua mnaendelea, na hamjapoteza kipindi.

Hatua ya 3: Piga marufuku neno "kelele"

Kwa wiki nzima, mdomoni na kwenye maandishi. Ukisema kelele umeshahukumu kabla hujasikiliza, na isitoshe umejinyima maneno mazuri yaliyopo: mlio, mvumo, mshindo, mkwaruzo, mruzi, mtutumo, mnong'ono, kishindo, mchakacho. Zile tanakali za sauti walizokariri sekondari kwa ajili ya mtihani wa fasihi, chubwi, pu, tifu, ndo mahali pake pa kufanya kazi.

Mwanafunzi akileta "nilisikia kelele za bodaboda" mrudishie. Akirudi na kitu kama "bodaboda mbili zinapanda kilima, ya kwanza imebeba mzigo maana mvumo wake mzito na unakatikakatika, dereva akabadili gia, ya pili ikapiga honi mbili fupi ikapita", huyo keshaanza kuwa mtafiti. Kashakwambia barabara ina kilima, kuna biashara ya mizigo, na kuna haraka.

Hatua ya 4: Matembezi ya kusikiliza

Hapa ndo kiini, sitaharakisha.

Watu wasizidi kumi na tano kwa kundi, darasa likiwa kubwa gawa zamu. Njia moja, dakika thelathini mpaka arobaini, kimya mwanzo mwisho. Mbele kuna anaeongoza, nyuma kabisa kuna wa kufunga msafara ambae kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliebaki wala aliegongwa. Hakuna kuvaa spika za masikioni barabarani. Siku moja kabla pita mwenyewe ile njia kwa saa ile ile, kisha mwone mwenyekiti wa mtaa, msalimie, mweleze, maana vijana kumi na tano wanaotembea kimya kimya kwenye mtaa wa watu huku wakiandika kwenye madaftari wataitiwa sungusungu, na wenye mtaa watakuwa na haki.

Chagua sehemu tatu au nne za kusimama dakika tatu tatu: mdomo wa soko, chini ya mti mkubwa, kituo cha daladala, uchochoro. Uchochoro usiuache, ukitoka barabarani ukakata kona moja tu sauti zinabadilika kabisa, unaanza kusikia sufuria, maji ya kufulia na mtoto anaimbiwa.

Waelekeze watafute wauzaji wasiosema neno. Dar es Salaam na miji mingi ya pwani biashara nzima inatangazwa kwa mikono. Muuza kahawa anagonganisha vile vikombe vidogo vya udongo mweupe kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika birika lenye jiko dogo la makaa chini yake. Mpaka rangi kucha anagonganisha vichupa. Fundi viatu anagonga brashi kwenye kisanduku chake cha mbao, fundi cherehani wa kutembea ana mashine begani na mkasi unaolia kwa kufunguliwa na kufungwa hewani, muuza karanga na sigara anachezesha sarafu kiganjani. Vitu vitano, na mama aliyeko ndani jikoni hahitaji kuchungulia dirishani kujua nani kapita. Hiyo ni lugha, ina msamiati na ina wanaoielewa, na mgeni wa mtaa haielewi mpaka afundishwe.

Baada ya matembezi, wanafunzi wawili warudi wakaongee na mmoja wao. Waende na shikamoo, wanunue kahawa, wakae kwenye benchi, wasubiri wateja wapungue. "Shikamoo babu." "Marahaba, wanangu, niwape ya tangawizi?" Swali lisiwe "kwa nini unagonga vikombe" maana jibu litakuwa "ili wasikie", wakaishia hapo. Waulize alifundishwa na nani, akipita msibani anafanyaje, akikutana na mwenzie njia moja nani ananyamaza. Hapo kwenye msibani utasikia mambo ya adabu ambayo hayapo kwenye kitabu chochote cha chuo.

Mwanafunzi asieona akiwepo, mwombe aongoze yeye kundi moja, kama mwenyewe anapenda, usimlazimishe kuwa somo la wenzake. Ataonyesha jinsi ukuta unavyojulikana kwa mwangwi wa nyayo na duka lililofungwa linavyosikika tofauti na lililo wazi. Mwanafunzi kiziwi nae asiachwe bwenini. Kuna mitetemo ya sakafu, ngoma, spika kubwa, lori linalopita, na yeye ndo atakwambia nani kwenye mkutano wa mtaa huwa hapati taarifa kabisa kwa sababu kila kitu kinatangazwa kwa kipaza sauti.

Mlioko vijijini msijione hamna kitu kwa sababu hamna daladala. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitoa mwaka 2016 utafiti wa Niassa, Msumbiji, kuhusu Wayao warina asali na yule ndege anaewaongoza kwenye viota vya nyuki wa porini. Mrinaji akitoa mlio wao wa jadi, nafasi ya kupata ndege wa kumwongoza ilipanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba ndege wa kwa Wahadzabe, huku Tanzania, wanaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko mlio wa Wayao. Yaani ndege wa kila mahali wamejifunza lafudhi ya wenyeji wao. Sasa chuo chako kipo kijijini na unasema huna vifaa!

Hatua ya 5: Sasa toa simu

Simu ya kawaida inatosha. Weka hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Vua kava kama linaziba kile kitundu cha maiki, mara nyingi kipo chini karibu na pa kuchajia. Upepo ndo adui mkubwa, funika maiki na kipande cha sponji au soksi safi nyepesi, na uupe upepo mgongo. Usiishike ukawa unaichezea, kila msuguano wa kidole unasikika kama mtu anakwangua sufuria. Iegemeze kwenye daftari au kofia.

Bonyeza kurekodi, taja mahali, tarehe na saa, nyamaza sekunde kumi, kisha acha iende dakika tatu bila kuigusa. Ukisikia kitu kizuri usianze kukimbilia, kaa hapo hapo.

Kuhusu ukubwa wa faili, WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD ya maiki moja inakula kama MB 5 kwa dakika na ya stereo kama MB 10, wakati MP3 ya kbps 128 ni kama MB 1. Kwa asaimenti MP3 inatosha, kwa kumbukumbu ya kudumu tumia WAV kama simu inaweza. Usitume kama voisi noti ya WhatsApp, inabanwa mno, itume kama dokumenti. Kukata na kupunguza, Audacity ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za maabara zilizochoka.

Ruhusa sasa. Sauti ya mtu inayotambulika ni taarifa yake binafsi, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019. Mwambie mtu unarekodi nini, itasikilizwa na nani, na akibadili mawazo anakupata wapi. Msibani, hospitali, kituo cha polisi na maeneo ya jeshi, simu ikae mfukoni. Watoto hawarekodiwi bila mzazi. Ibada omba kwa imamu au mchungaji, usijifiche nyuma ya nguzo.

Hatua ya 6: Kupanga mlichokipata

Schafer alikuwa na mafungu matatu na bado yanafaa. Kuna sauti za msingi zinazokuwepo tu nyuma ya kila kitu, feni, barabara kuu, bahari, kunguru wa Dar. Kuna ishara, zinazotolewa ili mtu afanye kitu, kama adhana, honi ya pantoni ya Kigamboni, king'ora, na ile ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe wa shule inayogongwa kwa chuma. Wahenga walishasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, hilo ndo fungu lenyewe. Na kuna sauti za utambulisho, ambazo jamii ikizisikia inajua hapa ni kwetu. Waliokua wakisikiliza Radio Tanzania waulize kuhusu ngoma za taarifa ya habari, zile zilizopigwa na Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asieona aliekuwa anapiga ngoma nyingi peke yake. Wengine watakupigia kwa vidole mezani hapo hapo.

Wanafunzi watabishana, sauti hiyo hiyo kwa mmoja ni ishara na kwa mwingine ni msingi tu. Ngoma za daku mwezi wa Ramadhani kwa anaefunga ni mwito wa kuamka, kwa jirani yake ni usingizi umekatika. Usiamue wewe. Acha wabishane, ila kila mmoja aseme anamsemea nani.

Hatua ya 7: Irudishe kwa wenyewe

Rekodi zisiishie kwenye flashi ya mwalimu. Omba nafasi kwenye kibaraza, mkutano wa mtaa au chini ya mwembe, peleka spika moja ndogo, cheza sauti tano au sita bila kusema ni nini, watu wabahatishe. Kisha waulize wazee sauti zipi hazipo tena. Utapewa kinu na michi miwili ikipokezana, king'ora cha shamba la mkonge, taipureta ya ofisi ya kata. Mteue mwandishi mmoja tu, kumi wakiandika wazee wanaacha kuongea. Kama kuna redio ya jamii karibu, kama vile Pangani FM au Koch FM ya Korogocho kule Nairobi, peleka kipande kifupi cha dakika mbili chenye sauti na maelezo ya mwenye sauti mwenyewe.

Na mkikuta sauti inayoumiza kweli, baa inayopiga mpaka alfajiri karibu na zahanati kwa mfano, usikilizaji ule ule unageuka ushahidi. Daftari la wiki mbili: imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, nani kakosa nini. Apu za desibeli, yaani za kupima ukubwa wa sauti, kwenye simu si za kupeleka mahakamani, zifae kulinganisha tu, simu ile ile mahali pale pale. Wafundishe kuzisoma lakini, zikipanda 10 nguvu ya sauti imekuwa mara kumi ingawa sikio linasikia kama mara mbili hivi. Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Waambieni mafundi wa kuchomelea na wasaga nafaka, wengi wanadhani kutosikia ni uzee.

Nenda kwa mwenye baa kwanza, mchana, na daftari na heshima. Pengine kugeuza spika upande mwingine kunatosha. Ikishindikana, serikali ya mtaa, kisha wasimamizi wa mazingira wa taifa, NEMC, ambao wana kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kenya ni NEMA na kanuni za 2009.

Maksi

Kwa kifupi: ramani ya karatasi 20, maelezo ya maneno 30, mahojiano 30, rekodi 10, kuwasilisha mtaani 10. Rekodi nimeipa kidogo makusudi, usimpe mtu A kwa sababu ana simu ya bei.

Kutunza na kurudia

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, tarehe, halafu saa na mahali, ili yajipange yenyewe kwenye folda. Kila faili iwe na karatasi yake: nani karekodi, kwa simu gani, hali ya hewa, siku ya gulio au sio, ruhusa imetolewa na nani. Nakala mbili, moja maktaba ya chuo na moja ofisi ya mtaa. Wale wa Vancouver walirekodi jiji lao tena miaka ya 1990, na vile vijiji vitano watafiti wa Finland walivirudia kuanzia mwaka 2000, ndo maana leo mtu anaweza kulinganisha. Kwaiyo darasa la mwaka kesho lisitafute njia mpya, lipewe ramani ya mwaka huu, lipite pale pale, mwezi ule ule, saa ile ile, na kazi yao ya kwanza iwe kuandika kipi hakipo na kwenda kuuliza kimeenda wapi.